Utitiri kwenye mawaridi: jinsi ya kuupiga kwa sabuni bila kuunguza majani

Simu za aina hii huanza mwezi wa nane, na kufika Oktoba zinakuwa nyingi: "Fundi, mawaridi yangu yanakauka na maji namwagilia kila siku." Kabla sijafika huwa najua nitakachokikuta. Dodoma kipindi hicho upepo unaanza kuvuma saa nne asubuhi, vumbi la barabara za mtaani limekaa juu ya kila jani, na mvua ya mwisho ilinyesha Aprili. Nageuza jani moja la chini kabisa, nalielekeza kwenye mwanga, na pale kandokando ya mshipa wa kati naona kama vumbi jekundu. Namwonyesha mwenye nyumba. Anaangalia, anakunja uso, kisha anarudi nyuma hatua moja: vumbi linatembea.

Huo ni utitiri. Wakulima wa nyanya huuita utitiri mwekundu, wengine buibui mwekundu, na jina hili la pili haliko mbali na ukweli, kwa kuwa una miguu minane na ni ndugu wa buibui na kupe. Ukubwa wake ni kama nusu milimita. Unatoboa jani kwa chini na kunyonya utomvu, chembe moja baada ya nyingine, ndiyo maana jani linaanza na vidoa vidogo vyeupe kama limenyunyiziwa chumvi, kisha linapauka, linageuka rangi ya shaba na kudondoka. Ukizidi, unafuma utando mwembamba kutoka jani hadi jani, na vumbi linanasa humo.

Sabuni inaumaliza. Ila wengi wanaoniambia "nilijaribu sabuni ikashindwa", nikiwauliza walichanganya na maji gani, jibu ni lile lile: ya bomba la uani. Hapo ndipo tatizo lilipo mara nyingi, na nitakaa hapo kwa muda tukifika.

Kwanza hakikisha ni utitiri

Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi lenye majani yaliyopauka, piga tawi kwa kiganja mara tatu. Tulia nusu dakika bila kupulizia pumzi. Vumbi litabaki pale pale. Utitiri utaanza kutembea. Simu yenye kamera nzuri ukiivuta karibu itakuonyesha miguu. Usishangae ukikuta wenye rangi ya kijani au manjano na vidoa viwili vyeusi mgongoni, nao ni utitiri, tena ndio wa kawaida zaidi kwenye maua. Paka kidole juu yao: wakiacha mchirizi mwekundu au wa kijani kwenye karatasi, umepata jibu.

Sasa angalia mwendo. Utitiri unaokula majani hutembea polepole, kama mtu asiye na haraka. Ukiona wengine wanaong'aa, rangi ya chungwa, umbo la peasi, wanakimbia huku na huku, hao ni utitiri unaokula utitiri mwenzao. Ukiwakuta wengi, au ukiona vidudu vyeusi vya duara vidogo kama kichwa cha pini (jamii ya kibibi kidoadoa), subiri siku nne tano kabla ya kupuliza chochote. Unaweza kukuta kazi imeshafanyika bure.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu wa huku. Jani likiwa la manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, hasa majani machanga ya juu, huo kwa kawaida ni upungufu wa chuma unaoletwa na maji na udongo wetu wa chumvichumvi. Sabuni haitasaidia kitu.

Kwa nini dawa ya dukani huweza kuuzidisha

Mama mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, alinunua dawa ya wadudu kwenye duka la pembejeo, akaambiwa inaua kila kitu. Alipuliza mara tatu ndani ya mwezi. Nilipofika, ua wake wa duranta ulikuwa umefunikwa utando mithili ya chandarua. Hakuuziwa dawa feki. Dawa nyingi za wadudu, hasa jamii ya pairethroidi kama sipamethrini, huua vizuri sana vibibi kidoadoa na wale utitiri wakimbiaji, na utitiri mla majani unabaki bila adui. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, yai linakuwa mzazi kwa muda wa wiki moja, na jike mmoja anaweza kutaga mayai kama mia maishani mwake. Piga hesabu mwenyewe.

Nguvu ya hao maadui si ndogo. Utitiri wa kijani wa mihogo ulipoonekana Uganda mwaka 1971 ulienea karibu ukanda wote wa mihogo Afrika, na kilichokuja kuushusha ni utitiri mwingine mla utitiri uliotolewa Brazili na kuachiwa mashambani Benin mwaka 1993. Kenya nako, mashamba ya mawaridi ya kuuza nje hununua utitiri wa aina hiyo na kuumwaga juu ya maua.

Sabuni nayo huua maadui hao wakiloweshwa, lakini ikishakauka haibaki na sumu. Wanaorudi kesho wako salama. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuipenda, na pia ndiyo udhaifu wake: ulichokikosa leo, hakitakufa kwa sabuni iliyokauka.

Sabuni gani

Sabuni inayotakiwa ni ya potashiamu, ile laini inayotengenezwa kwa mafuta na potashi. Inavuruga ngozi ya utitiri, inayeyusha nta yake, na mnyama mdogo kiasi kile akipoteza maji hana akiba. Zipo zilizotengenezwa maalumu kwa mimea, kwenye maduka makubwa ya pembejeo. Soma lebo uone kama imesajiliwa na TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, kisha fuata kipimo chake. Nyingi huangukia mililita 10 hadi 20 kwa lita ya maji.

Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Usitumie pia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, hata ile nzuri inayopikwa mtaani kwa salfoniki. Kwa jina ni sabuni, kwa kemia ni kitu kingine, na kazi yake ni kukata mafuta, pamoja na nta ya jani lako. Nalijua hili kwa kulipa. Nilipoanza kazi nilichanganya sabuni ya unga, vijiko viwili vya chakula kwa lita, nikapuliza safu ya taji la miiba mbele ya nyumba ya mteja. Siku ya tatu majani yote yalikuwa chini na miiba peke yake ikinitazama. Nilinunua miche sita kwa pesa yangu.

Sabuni ya mche inafaa ukikwama, mradi ile isiyo na manukato wala rangi. Kwangua gramu 10, yeyusha kwenye maji ya moto, jaza iwe lita moja, chuja kwa kipande cha kanga. Ubaya wake ni kwamba imetengenezwa kwa sodiamu, ikipoa inaganda kama uji na kuziba nozeli, na baadhi yake ina magadi ya kuongezea uzito. Tumia siku hiyo hiyo.

Ukitaka kupika mwenyewe

Huku kwetu na Singida alizeti ipo ya kumwaga, na mafuta ya alizeti yanatoa sabuni nzuri kwa kazi hii. Mimi napika mara mbili kwa mwaka. Anayeogopa kemikali aruke sehemu hii, na sisemi kwa dharau: potashi kali inaunguza ngozi na kupofusha macho. Vaa glavu za mpira, miwani ya kazi na nguo ya mikono mirefu. Watoto na kuku wawe mbali. Maji mengi ya bomba yawe jirani kwa ajili ya kunawa haraka.

Unahitaji mafuta ya alizeti gramu 500, potashiamu haidroksaidi gramu 100 (ile ya magamba yenye usafi wa asilimia 90, maduka ya kemikali wanayo, usichukue kostiki soda, hiyo ni ya sabuni ngumu) na maji ya mvua gramu 300. Pima vyote kwa mizani ya kidijitali ya jikoni, hata maji. Vikombe na vijiko vitakudanganya.

Chombo! Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na potashi inaila alumini huku ikitoa gesi inayoshika moto. Tumia sufuria ya stenlesi au ndoo ngumu ya plastiki, na mwiko wa mti ambao hautarudi jikoni. Sumaku haitakusaidia kutofautisha, kwa kuwa stenlesi nyingine nayo haivutwi. Angalia uzito, na muhuri ulioko kwenye kitako.

Mimina potashi kidogo kidogo ndani ya maji, nje penye hewa, huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya potashi, yatakurukia. Mchanganyiko utachemka wenyewe. Uache utulie uwe wazi. Pasha mafuta yawe moto wa kutoshikika ila yasifuke moshi, kisha mimina potashi iliyoyeyuka taratibu huku ukikoroga. Mwanzoni vitagoma kukaa pamoja. Endelea. Baada ya muda, wakati mwingine nusu saa, wakati mwingine saa nzima, vitashikana na kuwa kama uji wa ulezi.

Weka sufuria hiyo ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka (hii ya nje hata ikiwa ya alumini haina neno) na uipike kwa saa tatu hadi nne, ukikoroga kila baada ya nusu saa. Itapita hatua za kuchekesha: itakuwa kama viazi vilivyopondwa, kisha kama gundi inayovutika, mwisho itakuwa jeli inayopitisha mwanga, rangi ya asali. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kiyeyushe kwenye robo kikombe cha maji ya mvua ya moto. Maji yakiwa meupe kama maziwa au mafuta yakielea juu, rudisha motoni. Yakipitisha mwanga, imeiva. Iache wiki mbili kwenye ndoo yenye mfuniko kabla ya kuitumia kwenye mimea.

Kipimo: gramu 20 za jeli hiyo kwa lita moja ya maji. Bomba la mgongoni la lita 16 linataka gramu 320. Iyeyushe kwanza kwenye lita mbili za maji ya moto, ikishalainika yote ndipo ujaze.

Maji

Kila mama wa Dodoma anajua maji ya kisima yanavyokataa povu. Unasugua, unasugua, sabuni inakatika vipande vyeupe vinavyoganda kwenye beseni. Ile si sabuni "kuisha nguvu" tu. Kalsiamu na magnesiamu iliyomo kwenye maji imeikamata sabuni na kuigeuza ukoko usioyeyuka. Ndani ya bomba la kupulizia inatokea kitu kile kile, ila huoni. Unatembea bustani nzima ukipuliza maji yenye takataka za sabuni, unarudi baada ya siku tatu, utitiri uko pale pale, na unasema sabuni haifai.

Jaribio lake halina gharama. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, ile isiyo na rangi. Jaza maji unayotaka kutumia, weka sabuni kwa kipimo chako, funga, geuza juu chini mara kumi, iache nusu saa. Mchanganyiko ukibaki sawasawa toka juu hadi chini, hata kama una ukungu kidogo, maji hayo yanafaa. Ukiona maganda meupe yanaelea au utando umejikusanya shingoni, yamwage kwenye choo na utafute mengine.

Mengine yapi? Ya mvua ndiyo bora. Simtanki la lita 1,000 likijazwa kutoka kwenye bati wakati wa masika linatosha kwa kupuliza bustani ya nyumba moja kiangazi chote, ikiwa hamtalifanyia kazi nyingine. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mteja wangu mmoja amefunga kufuli kwenye koki.

Kama huna maji ya mvua, chemsha. Birika lako likishika ukoko mweupe kwa ndani, ujue sehemu ya ugumu wa maji yako hutoka kwa kuchemshwa. Chemsha dakika kumi, yaache usiku kucha, asubuhi mimina ya juu polepole na uache machicha chini. Kisha rudia jaribio la chupa. Visima vingine chumvi zake hazitoki kwa moto, hapo hakuna ujanja; nunua dumu mbili za maji laini kwa ajili ya kupuliza tu. Kuongeza sabuni mara mbili ili "ishinde" maji magumu ni njia ya haraka ya kuunguza majani.

Andaa mmea jana yake

Mmea wenye kiu huungua. Mwagilia shinani jioni ya siku iliyotangulia mpaka udongo uloane. Kata matawi yaliyojaa utando kabisa, yatie kwenye mfuko wa salfeti na ufunge mdomo hapo hapo. Ukiyaburuza kupita bustanini unaugawa utitiri kama sadaka.

Halafu chukua mpira wa maji, bana mdomo kwa kidole gumba, piga majani kwa chini. Hii peke yake inaangusha utitiri mwingi sana, inachana utando na kuondoa vumbi linaloupa raha. Kwa ua mkubwa wa boganvilia ulioanza kushambuliwa, nimewahi kuishia hapa, mara mbili kwa wiki, bila sabuni yoyote. Maji ya bomba yanafaa kwa hili, chumvi na yote.

Usipulize mche uliohamishwa juzi wala kipandikizi kisicho na mizizi.

Jaribu tawi moja

Hata sabuni sahihi kuna mimea haiipendi. Taji la miiba nimeshalitaja. Kuna pia kangaga (fern), gadenia, lantana, mimea ya majani manene yanayohifadhi maji, na maua ya Krismasi hasa yakiwa yameshaanza kuwa mekundu. Mimea yenye majani ya rangi ya fedha au unga juu yake itabaki na madoa hata isipokufa.

Kwa mmea usioujua, puliza majani matano sita, weka alama ya uzi, subiri siku mbili. Ncha zikiwa kahawia au jani likiwa na mabaka yaliyoloa mafuta, punguza kipimo nusu na ujaribu tawi jingine. Ikirudia, achana na sabuni kwa mmea huo na utegemee mpira wa maji. Mawaridi, haibiskasi na duranta hayajawahi kunisumbua kwa kipimo nilichotoa. Krotoni inategemea aina.

Siku ya kupuliza

Anza saa 12 asubuhi na uwe umemaliza kabla ya saa 2. Sabuni inaua ikiwa mbichi tu, kwa hiyo unataka ikae kwenye majani muda mrefu iwezekanavyo kabla haijakauka, na alfajiri ndipo upepo umelala na hewa ina ubaridi. Joto likipita nyuzi 32 usiguse bomba. Jioni baada ya saa 11 inawezekana pia, ila Oktoba upepo wa jioni hauna adabu.

Bomba liwe la kazi hii peke yake. Lile lililowahi kubeba dawa ya magugu, hata ukilisuuza mara saba, liache huko huko shambani.

Tia maji kwanza, sabuni baadaye, koroga kwa fimbo bila papara. Ukianza na sabuni, povu litajaa na pampu itavuta hewa.

Kisha kazi yenyewe. Rekebisha nozeli itoe ukungu mwembamba wenye nguvu. Inama. Anza shinani, mdomo wa bomba ukitazama juu, panda polepole kuelekea kileleni ukipapasa chini ya kila tawi kwa mkono mwingine ili majani yageuke. Ukimaliza chini, ndipo upitishe mara moja juu. Watu hupuliza wakiwa wamesimama wima, majani yanang'aa vizuri kwa juu, na utitiri uko chini kwenye mwavuli wake umekaa mkavu. Kipimo changu ni hiki: nikipitisha kidole chini ya jani lolote, kitoke kimeloa. Jani lianze kudondosha tone moja moja, basi. Mche wa waridi unaofika kiunoni hunimalizia karibu nusu lita.

Epuka kulowesha maua yaliyochanua, petali zinapata madoa, na nyuki wako humo kuanzia jua likipanda. Kama kuna bwawa la samaki jirani, lifunike. Sabuni na samaki havipatani. Macho yakiingiwa yatawasha kweli kweli, suuza kwa maji mengi.

Mimea ya majani laini naisuuza kwa maji safi baada ya saa mbili tatu. Kufikia hapo sabuni imeshafanya kazi yake, na haina faida tena kubaki juu ya jani.

Rudi siku ya nne

Sabuni haiyawezi mayai vizuri. Yale yaliyokuwepo Jumatatu yataanguliwa, na kufika Ijumaa utakuwa na watoto wa miguu sita wanaotembea (mguu wa saba na wa nane huja baadaye). Hao lazima uwakute kabla hawajawa wazazi. Kwenye joto la Oktoba narudia kila baada ya siku nne au tano, mara tatu. Juni na Julai, wakati baridi ya Dodoma inapofanya watu wavae masweta, siku saba zinatosha.

Kabla ya kila mzunguko, rudia jaribio la karatasi. Usiangalie majani kujua kama umefanikiwa, kwa sababu jani lililopauka halirudi kuwa kijani kamwe. Wateja wengi wananilaumu hapa. Angalia majani mapya yanayochipuka kama yako safi, na hesabu wanaotembea kwenye karatasi. Waliokufa wamesinyaa, rangi ya kahawia, hawajigusi. Baada ya mara ya tatu, nikikuta chini ya watano kwa tawi naacha, nabaki na mpira wa maji. Nikikuta bado wamejaa, kabla sijalaumu sabuni nakagua maji, kisha naomba anayepuliza anionyeshe anavyoinama.

Sabuni isipofika

Haibiskasi yenye majani yaliyojaa vivimbe vya manyoya ina utitiri wa aina nyingine, mdogo zaidi, unaoishi ndani ya kivimbe chenyewe. Hakuna sabuni inayoingia humo. Kata, choma. Machipukizi yanayotoka yamejikunja, magumu, yamedumaa bila utando wowote, nayo mara nyingi ni utitiri uliojificha ndani ya chipukizi. Kata sentimita kumi hivi kabla ya kupuliza. Na kwa ndugu zangu wa Pwani wanaoniuliza juu ya nazi changa zenye makovu ya kahawia kuanzia kwenye kikonyo: utitiri ule unakaa chini ya vikombe vya nazi, juu ya mnazi wa mita kumi na tano. Sabuni hapo ni kupoteza kiangazi.

Angalia pia kilichoko nje ya bustani. Mnavu uliojiotea nyuma ya ukuta, mpapai wa jirani, mibarika ya kiwanja kisichojengwa, yote hufuga utitiri na upepo ndio usafiri. Kung'oa mnavu huo mwezi wa saba kumewahi kuniokolea kazi ya mwezi wa kumi. Kama gari linapita mbele ya ua wako kwenye barabara ya vumbi, mwagilia ile barabara jioni kwa maji ya kufulia. Majirani watadhani una hela za kuchezea.

Desemba mvua ya kwanza ikipiga, mashambulizi hupungua yenyewe. Hapo panda juu ukafagie bati na mfereji, na ile mvua ya kwanza iache ipite chini bila kuingia kwenye simtanki, maana imebeba vumbi la miezi saba. Ya pili ndiyo ya kukinga.